Bahili wa Figo Aaga Chumba cha Upasuaji

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, daktari bingwa wetu wa upasuaji wa figo anastaafu tarehe 30 Juni. Wagonjwa humwita Daktari. Sisi wa chumba cha upasuaji humwita Bahili, na mkewe alipolisikia jina hilo alicheka mpaka akaomba kiti.

Hakusingiziwa. Viatu vyake vimeshonwa na kushonwa tena hadi fundi viatu akamsihi avihurumie. Lakini ubahili wake hasa ulikuwa kwenye figo za watu. Uvimbe ukiota, wengine huondoa figo nzima, mambo yakaisha. Yeye hukata uvimbe tu, akashona kilichobaki. Uvimbe ukirudi, naye anarudi. Na kurudi palipokwisha kupasuliwa si mchezo, kwa sababu makovu huwa yamegandisha figo, utumbo na mishipa pamoja.

Akishabana mshipa wa damu na figo kuzungushiwa barafu, Bahili huimba. Loo, sauti ile! Daktari wa usingizi alikuwa akisema mwenye bahati chumbani ni mgonjwa peke yake.

Kisha akaja mama mmoja, fundi cherehani. Alibakiwa na figo moja, na uvimbe ulikuwa umerudi mara ya tatu. Kikao cha madaktari kilikata shauri: itolewe, asafishwe damu kwa mashine maisha yake yote. Mama akajibu kwamba mashine aliyonayo nyumbani inamtosha. Bahili akaomba kujaribu mara moja tu, akamweleza wazi kwamba huenda akaamka hana figo kabisa. Mama akakubali.

Katikati ya kazi damu ikafoka. Wimbo ukakatika. Jamani, hatukujua kwamba siku moja tungeutamani! Bahili akaziba kwa kidole, akaomba uzi, akashona taratibu huku jasho likimtiririka na muuguzi akimfuta. Alipofungua mshipa, tulikodolea macho mfuko wa mkojo. Tone la kwanza lilipodondoka, watu wazima na vyeo vyetu tulishangilia mkojo kama bao la fainali.

Amefundisha madaktari wengi ubahili huo, nao wanaendelea nao vizuri, ingawa hakuna aliyethubutu kuiga uimbaji.

Wiki iliyopita yule mama alikuja kupimwa. Picha ilikuwa safi. Aliposikia habari za kustaafu, alimfuata Bahili kwenye korido, mikono kiunoni, akamuuliza ni nani aliyempa ruhusa ilhali figo yake bado iko kazini. Bahili alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu sana. Tulimwona, asikatae.

Asante, Daktari wetu, kwa kila kipande ulichogoma kukitupa. Tunakuombea afya tele na miaka mingi ya raha pamoja na familia yako. Sisi tumekuruhusu kwa shingo upande. Yule mama bado amekataa.