Sauti Iliyonifuata Nyuma

Mama zangu na dada zangu, mmenipa nafasi, nami sitawachosha. Wengi mnanijua kwa kuimba. Leo siimbi kwanza, nasimulia jinsi nilivyonyamaza. Majina sitaji, maana wengine wamo humu ndani na chai bado hatujanywa.

Ni miaka ile mambo yalipofunguliwa. Pamba hapa Lalago ilinunuliwa na kila mwenye mizani, na redio za watu binafsi zimeingia, zinataka kwaya zipeleke nyimbo. Sasa kwaya nzima iende kurekodi Mwanza msimu wa palizi, nani abaki na majani shambani? Mwalimu wetu wa kwaya akasema tununue laptop, turekodi hapahapa kanisani, na tukialikwa Kimali tunaibeba. Tukauza pamba ya shamba la kwaya, mimi na yeye tukapanda basi kwenda mjini kuinunua.

Jamani, kuchagua kile kitu! Nilidhani laptop ni laptop, basi. Muuzaji akatuwekea tatu mezani. Hii memori yake kubwa, hii betri inakaa, hii nyepesi kubeba. Mteja mmoja akadakia kwamba tusidanganyike, cha maana ni kioo kikubwa. Mwingine akasema kioo hakiimbi. Mwalimu anaitikia kila mtu, "sawa, sawa," na jasho linamtoka. Nikauliza ipi inarekodi vizuri, nikajibiwa zote, mama. Mwisho muuzaji akatupigia wimbo kwenye ile kubwa, ukatoka mtamu, tukaibeba. Ndugu zangu, nawaambia, tulikuwa kama mtu anayenunua ng'ombe wa maziwa kwa kumsikiliza anavyolia.

Siku ya kurekodi walianza na kinanda. Kisha nikavalishwa hedifoni, nisikie kile kinanda masikioni niimbe juu yake. Wimbo ulikuwa wangu, niliutunga baada ya kumzika mtoto wangu wa kwanza. Nikaimba neno la kwanza. Nyuma yangu kidogo, humohumo masikioni, mtu akaliimba tena. Sauti ni yangu. Nikapunguza mwendo ili anifikie, naye akapunguza. Kinanda kikatuacha sote wawili.

Mwalimu akairudisha tusikilize. Yule wa pili hayumo! Nipo mimi tu, nakokota wimbo kama mlevi.

"Mama, mbona unachelewa?"

"Kuna mtu ananifuata," nikasema.

Wakatazamana. Ningekuwa wao, nami ningetazamana na mwenzangu.

Tukarudia, ikawa vilevile. Jumapili ile nikasimama kuongoza ibadani, bila hedifoni wala nini, nikajikuta namsubiri yule mtu. Kwaya nzima imenyamaza, mimi nasubiri. Nikarudi kukaa. Basi maneno yakaanza: umri umemfika, ana dhambi hajaitubu, wamemfunga sauti. Niliamini yote. Asubuhi nikatubu, mchana nikaenda hospitali, daktari akamulika koo akasema safi. Niliumia zaidi aliposema safi. Ugonjwa ungekuwa na jina ningejua pa kushika.

Mwalimu akaja nyumbani, kwa upole kabisa, akaomba wimbo wapewe wengine waimbe. Nikakubali. Nilikuwa nimechoka hata kubisha.

Jumamosi nikaenda kanisani kuukabidhi. Mama mkwe wangu akanifuata. Yeye alikuwa mtu wa mambo ya zamani, kanisani haingii, lakini siku hiyo aliingia na fimbo yake. Akasema, "Nataka kumwona aliyemfunga sauti mke wa mwanangu." Mwalimu angemfukuza vipi mtu mzima? Akamvalisha hedifoni, akawasha kila kitu kama tulivyofanya kwangu.

"Mwangaluka," akaamkia kikwetu. Akashtuka. "Hamjambo wajukuu huko?" Akamgeukia mwalimu. "Baba, humu kuna mtu hana adabu. Namwamkia, badala ya kuitikia ananirudishia maneno yangu."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alizichukua zile hedifoni akavaa, akaanza kuhesabu kwenye maikrofoni. Moja, mbili, na kwenye tatu ulimi ukamkwama. Mpiga kinanda akajaribu wimbo anaoujua tangu utoto, akaukokota kama mimi. Wakapokezana, kila mmoja anagugumia. Mimi nilikaa kwenye benchi nikalia kwa furaha, mama zangu, maana kama nimerogwa, basi tumerogwa wote.

Fundi mmoja Maswa ndiye aliyetueleza. Sauti ikiingia kwenye laptop ile inazunguka kwanza ndani ndipo irudi masikioni, kwa hiyo inachelewa. Akatuambia hedifoni tuzichomeke kwenye miksa, kile kisanduku kinachopokea waya za maikrofoni, nijisikie kabla sauti haijaingia kwenye mashine. Inazunguka wapi humo ndani, mpaka leo sijaelewa. Ila yule mtu aliondoka, nami nikauimba wimbo wa mwanangu mpaka mwisho.

Namshukuru fundi. Namshukuru mwalimu, aliyekubali kugugumia mbele ya wanafunzi wake. Nanyi nawaachia hili: ukiambiwa umeharibika, kabla hujaamini, mvalishe na mwenzako ulichovaa, umsikie naye anaongeaje.

Mama mkwe wangu tulishamzika. Lakini siku ile mwalimu alikuwa amesahau kuzima kurekodi, na maneno ya mama huyo yamo kwenye ile laptop. Baada ya kuvua zile hedifoni alizisogeza karibu na mdomo akazigombeza: "Wewe uliyemo humo, toka. Mwache mwanangu aimbe." Hakusema mke wa mwanangu. Alisema mwanangu.

Mwalimu, nipe kinanda. Sasa naimba.