Lango Lililofungwa kwa Heshima Yao

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wetu, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi, Mwalimu Mkuu na walimu wote, wazazi wenzangu, wanafunzi, na wewe Mjomba, uliyeketishwa safu ya mbele kwenye kiti cha magurudumu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mjomba wangu alipoteza saa yake ya kusema tarehe tatu ya mwezi uliopita, kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, nje ya geti la shule hii. Siku kumi na tisa baadaye akapatwa na kiharusi, akapoteza na ulimi wenyewe. Ratiba inasema fundi azungumze dakika tano kuhusu lango jipya. Nitazungumza kuhusu lango. Mnivumilie nikizidisha.

Wengi mnaniita Mama Cheche. Niliacha shule darasa la tano. Mjomba huyu ndiye aliyenilea, na ndiye aliyeninunulia kinga ya uso ya kwanza ya kuchomelea, wakati mtaa mzima ukisema msichana na chuma wapi na wapi. Leo nina karakana yenye mafundi kumi na wanne. Wakati wa vita yeye alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la jeshi. Tulijua hilo tu. Mengine aliyafungia kifuani miaka arobaini na mitatu. Ukimchokoza, anakwambia, "We mtoto, kashike chuma chako."

Ndipo mwalimu wa darasa la sita akamwendea mara tatu kumwomba aje awasimulie watoto Siku ya Mashujaa. Mara ya tatu akakubali. Tukamwuliza, mbona sisi umetunyima? Akasema, "Nyinyi wakubwa mtanibishia. Watoto watasikiliza."

Barua ya mwaliko ilitoka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili tukaitwa wazazi kupiga kura, maana waraka wa Elimu unaiachia kila shule iamue: siku ile tufunge au tusome? Mwalimu yule akasimama, mjamzito wa miezi minane, akauliza, "Tukifunga, wazee watamsimulia nani?" Mzazi mmoja nyuma akamjibu, "Mwalimu, na hali hiyo, si upumzike tu!" Tukacheka. Tukanyoosha mikono: mia moja themanini na saba tufunge, sita tusome. Mwalimu akaenda likizo ya uzazi. Ofisi ikatoa taarifa mia sita na arobaini, na zote zikasafiri kwenye mabegi ya watoto. Mjomba ana miaka themanini na moja. Begi la shule angelitoa wapi?

Ndugu zangu, haya sikuyajua hadi Jumanne ya wiki hii. Nilikuwa pale langoni nachomelea maneno mliyoyaagiza: HESHIMA KWA MASHUJAA WETU. Herufi ishirini na mbili. Nimemaliza ya kumi na tatu, mlinzi akaja na kikombe chake cha chai.

"Mama Cheche, shujaa mmoja alikuja hapa. Nikamwazima kigoda changu."

"Lini?"

"Ile sikukuu yao. Sare imepigwa pasi mpaka inakata, nishani tatu kifuani. Ananiuliza, watoto wako wapi? Nikamwambia, mzee wangu, wamefunga kwa heshima yenu. Akacheka. Akasema, heshima gani hii yenye kufuli?"

"Akaenda zake?"

"Wapi! Anasema askari akipewa saa, anasubiri. Alikaa hapo mpaka saa sita."

"Yukoje huyo mzee?"

"Mkono wa kushoto hana kidole cha shahada."

Nilizima mashine. Mjomba hana kidole hicho.

Na jioni ya sikukuu ile binamu yangu, mtoto wa Mjomba ambaye hana mtoto hapa shuleni, alimwuliza, "Baba, watoto walikuwaje?" Naye akajibu, "Walitulia sana." Binamu akanipigia simu kesho yake kunipa habari njema, nikafurahi, nikarudi kazini. Nani alikuwa na watoto wawili nyumbani siku ile, wamekaa bila sare? Mimi. Ninayegombana na mafundi kwa milimita mbili, sikuhesabu hata siku moja nyuma!

Na la kunishtua zaidi mnataka kulijua? Katika ile mikono mia moja themanini na saba, mmoja ulikuwa huu.

Nilipofika nyumbani nikamwuliza binti yangu, "Siku ya Mashujaa ulifanya nini?"

"Nililala, mama. Halafu nikaangalia katuni."

"Shule ilifungwa kwa nini?"

"Si sikukuu?"

"Sikukuu ya nani?"

Mafundi wangu wana watoto thelathini na mmoja katika shule hii. Niliwauliza wote: siku ile ni wangapi walimsalimu au kumsikia askari mstaafu hata mmoja? Wawili, tena kwa kuwa babu yao anaishi nao nyumba moja. Waliobaki ni ishirini na tisa. Je, hiyo ndiyo heshima tuliyoipigia kura?

Simlaumu mzazi anayetaka mwanawe apumzike. Anayetaka gwaride la siku hiyo pia ana haki yake. Lakini gwaride huanza saa nane mchana, na madarasa yangefunguliwa mpaka saa sita, kila mzee na watoto wake wa kuwasimulia, watu wakaenda kushangilia baadaye wakijua wanamshangilia nani. Na Mwalimu Mkuu nakusifu kwa utunzaji wa mali ya shule: kufuli ile ilifungwa sawasawa.

Juzi jioni na jana nilipita nyumba kwa nyumba. Maaskari wastaafu waliobaki katika eneo letu ni wanne: wa miaka sabini na minane, themanini na moja, themanini na minne, na tisini. Wa themanini na moja ndiye huyu. Anawaona, anawasikia, sentensi haimtoki. Wamebaki watatu wa kusimulia. Hesabu hii ni ya kutoa, haina kujumlisha.

Sasa lango. Lina bawaba sita, na litawazika wote mliomo humu. Lakini Mheshimiwa, ukivuta kitambaa hicho usishtuke: maandishi yameishia HESHIMA KWA MAS. Chuma hakijaisha. Herufi tisa zilizobaki ziko karakana, zimekatwa, zimesuguliwa.

Mwenyekiti wa Bodi, kalenda ya mwaka kesho inakwenda kuchapwa Jumamosi. Mkisema shule itakuwa wazi Siku ya Mashujaa, nitakuja siku hiyohiyo kuzichomelea hizo tisa. Mkisema hapana, nitakuja na grinda niziondoe zile kumi na tatu, maana sitaacha jina langu kwenye uongo wa chuma. Msiniambie mtalitazama, wala msiniundie kamati.

Nawashukuru kwa masikio mliyonipa mimi, ingawa yalikuwa haki ya Mjomba. Nasubiri jibu kesho Ijumaa, saa kumi alasiri, hapo langoni: ndiyo au hapana?