Vikombe Vinne na Tundu Moja

Kijiwe cha Lipangalala kina benchi moja tu, pembeni ya fundi baiskeli, na hapo kahawa ya Bibiana hunywewa kwa ubishi. Jioni hiyo ubishi ulimhusu Lukelo, wanayemwita Mbu kwa sababu kazi yake maabarani ni kutafuta ukoo wa mbu. Jumapili mshenga wake alikuwa aende Kibaoni kupeleka posa kwa kina Serafina. Na sasa babu yake, mzee Raimundi, amemeza funda la kahawa na kusema taratibu kwamba Hermenegildi, babu yake Serafina, ni ndugu yake kabisa. Lukelo akaomba kiberiti.

— Hata kazini hatujui umbali wa undugu kati ya kila mbu na mwenzake, alisema. Sampuli nyingine zinaharibika, jedwali linabaki na matundu. Lakini yale tunayoyajua tukiyapanga vizuri yanatoa mti wa ukoo, na mti wenyewe unatujazia matundu.

— Kumbe mbu nao wana mashangazi, alisema Refa, ambaye hajawahi kuchezesha mpira hata siku moja.

Lukelo alipanga vikombe vinne: chake, cha Raimundi, cha Hermenegildi, cha Serafina. Mjukuu hadi babu, njiti mbili. Ndugu hadi ndugu, njiti mbili, moja ya kupanda kwa mzazi na moja ya kushuka. Tundu alilotaka kulijaza lilikuwa kati ya kikombe chake na cha Serafina.

— Sita, alisema kwa unyonge. Ni ndugu.

— Sita ni mbali, Refa alitoa hukumu. Haba na haba hujaza kibaba. Oa.

— Padri je? aliuliza Lukelo.

— Padri naye ukimpima njiti utakuta binamu yako. Bonde zima tunakula wali mmoja na kambale mmoja. Hata huyo kambale ni shemeji.

Joachim, aliyezeekea kwenye mashamba ya miwa, alicheka mpaka akamwaga kahawa.

— Kule kwenye miwa tulitoka kila mkoa, tukaitana ndugu. Kabula aliniita kaka mwaka mzima kabla sijamwoa. Kwa njiti zako, Mbu, nimezaa na dada yangu.

— Damu nzito kuliko maji, alisema Refa. Ndiyo maana kahawa ya leo nyepesi.

Bibiana akamnyang'anya kashata.

Hapo akatokea Serafina, anasukuma baiskeli yenye pancha.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

Alivitazama vikombe, akaelezwa, akamgeukia Raimundi.

— Babu, wewe na babu yangu, mama yenu aliitwa nani?

— Wangu aliitwa Getrude, alisema mzee. Wake sijawahi kumwona. Tulishuka wote kutoka Mahenge, tukalima kule Michenga kwa jembe moja. Sasa huyo si ndugu?

Lukelo aliondoa zile njiti mbili za katikati, na mti wake ukabaki vipande viwili. Furaha ilimjaa.

— Sasa hilo tundu lako utalijazaje? aliuliza Serafina.

— Haiwezekani tena. Njia imekatika.

Serafina alikaa benchini, akachukua kikombe cha Lukelo, ndicho pekee kilichobaki na kahawa, akakimaliza.

— Basi liache, alisema. Jumapili mshenga atalijaza. Asichelewe.