Msiba Usio na Marehemu

Kamwene, ndugu zangu wa Kihesa. Nanyi mliotoka Mbeya nawasalimu hivyohivyo, itikieni tu. Naomba niseme nikiwa nimekaa hapa chini mkekani. Kiti nimekiona, asanteni, ni kizuri. Ila haya ninayotaka kuwaambia yalitokea mkekani, na nikisimama nitaanza kuhutubia, nami si mhubiri. Mimi ni mpishi wa misiba.

Kwetu Nyololo wananijua. Mtu akifariki, kengele ya kanisa ikilia tu, mimi tayari nimejifunga kanga kiunoni natafuta mafiga. Nagawa kazi: wewe kuni, wewe maji, wewe chambua maharage, na wewe usiguse chumvi. Nina mdomo, sikatai. Kuna jirani yangu mmoja, jina silitaji ila yupo pale nyuma anacheka, nilimfukuza jikoni mbele ya waombolezaji kwa sababu alitia chumvi kwenye maharage mara mbili. Tukanuniana karibu mwaka mzima. Nitarudi kwake.

Basi, mdogo wangu akafariki. Tumbo moja, kitinda mimba wa mama, niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe. Wenzangu wakaniambia, "Dada, leo kaa mkekani na wafiwa, sisi tutapika." Nikawaambia hamtaweza. Nikapika siku tatu kwenye msiba wa mdogo wangu. Watu wakala, wakashiba, wakanisifu kwamba nimejikaza. Chozi halikunitoka hata moja, na mimi nikaona ni sifa.

Ndugu zangu, nawaambia, kilio usichokilia hakiendi popote. Kinakungoja. Changu kilingoja miezi ya baridi, ule ukungu unaposhuka kutoka mashamba ya chai hadi humwoni ng'ombe wako zizini. Mwaka ule ukungu uliingia ndani ya nyumba yangu ukakataa kutoka. Nawasimulia nilivyoona mimi. Vikombe vilikuwa mbali. Nikinyoosha mkono, kikombe kinakuja taratibu, kama kinaelea majini. Mtu akinisemesha, sauti yake inatokea ng'ambo ya kilima. Usingizi ukaisha, chakula kikawa kama pumba. Halafu likaja wazo, tena lilikuja kwa upole, halikunitisha hata kidogo: kwamba mimi nimeshakufa, ila watu hawajatangaziwa. Nikawa natembea nyumbani kwa kunyata, nisiwasumbue walio hai.

Asubuhi moja nikamsikia mdogo wangu ananiita kutoka upande wa pili wa lami, kwa sauti ile ya utotoni tulipokuwa tukitafuta uyoga. Nikamfuata. Barabara yetu mnaijua, malori ya Tunduma yanapita mfululizo, na kwenye ukungu ule dereva anaendesha kwa kubahatisha. Nilisimama katikati ya lami, pekupeku, nasikiliza. Sikuogopa, maana mfu anaogopa nini? Lori likapiga honi, likapita, upepo wake ukaninyang'anya kanga ya mabegani. Jirani yangu yule wa chumvi alikuwa anatoka kuteka maji. Akatua ndoo, akaja akanishika mkono, akanirudisha nyumbani.

Mwanangu akaitwa. Kijana wangu ananipenda, sina shaka naye, lakini aliogopa sana. Saa nne alikuwa ameshaleta gari la kunipeleka hospitali kubwa, mbali, na kwenye kiti cha nyuma niliona kamba ya katani imeviringishwa vizuri, endapo nitagoma. Simlaumu. Ndivyo tulivyozoea, mgonjwa wa akili anafungwa, anapakiwa. Namfahamu mmoja aliyepelekwa hivyo. Alirudi mzima, lakini hakuweza tena kuwatazama usoni waliomfunga.

Jirani yangu akasimama mlangoni, akamwambia, "Mwanangu, tupe siku tatu." Wakamwita muuguzi wa zahanati. Yule dada alikaa pembeni ya kitanda changu, akaniuliza ninasikia nini, na kama nataka kufa. Nikamjibu kwamba nimeshakufa tayari. Hakunibishia, wala hakunicheka. Alinipa dawa, akatoka nje akawapa masharti: mama asiachwe peke yake hata dakika moja, dawa anywe mbele ya mtu, yeye atapita asubuhi na jioni, na gari libaki hapohapo uani. Akikataa maji au akizidiwa, safari ya hospitali iko palepale. Kisha akasema, "Ila hiyo kamba iondoeni."

Dawa ikanilaza. Nilipozinduka, jua la mchana lilikuwa limeingia hadi sakafuni, na nikasikia sauti ninayoijua kuliko zote, mikeka inakung'utwa. Kuni zinapasuliwa. Sufuria kubwa ya kanisa inaburuzwa uani. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamekaa sebuleni kwangu, migongo ukutani, miguu wameinyoosha, wanaimba chini kwa chini. Moshi unapita katikati yao polepole. Nikafurahi, ndugu zangu, siwafichi. Nikasema moyoni, afadhali, hatimaye wamenitangaza. Nikajilaza nikautazama msiba wangu. Ulikuwa msiba mzuri, una watu wengi.

Lakini kuna kitu hakikukaa sawa. Hakuna aliyekuwa analia, na jeneza sikuliona. Mimi nimepika misiba mingi, najua unavyokwenda, na huu ulikuwa na kasoro. Nikajikokota hadi mlangoni, alipokaa jirani yangu na ungo wa maharage mapajani. Nikamwuliza, "Nani amekufa?"

Hata macho hakuinua. "Hajafa mtu, dada. Safari hii tumewahi."

Akajisogeza kidogo, akaniachia nafasi. Nikakaa. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa mkekani msibani nikiwa mtu mzima. Na nilipokaa ndipo mdogo wangu alipokufa, yaani ndipo alipokufa kwangu mimi. Nilimlilia mpaka kanga ya jirani ikalowa begani. Hakuna aliyeniambia ninyamaze, waliendelea kuchambua maharage.

Sisemi nilipona siku ile, nitakuwa mwongo. Zile siku tatu zilizaa wiki tatu. Walikuja kwa zamu, wawili wawili, wengine hawakuongea kabisa, wanafuma vitambaa vyao tu. Ukungu ulitoka kidogo kidogo, leo kikombe kimoja kinasogea karibu, kesho kingine. Siku niliyopaza sauti kutoka kitandani kuuliza ni nani anayesonga ugali wenye madonge namna ile, walicheka mpaka wakamwita mwanangu aje anisikie. Alikuja, akasimama pale mlangoni, akalia. Gari aliliondoa siku ile.

Dawa nanywa mpaka leo. Kila baridi ikikaribia, jirani yangu ananiona usoni kabla mimi sijajiona, ninamkuta mlangoni na mkeka kwapani. Na sasa tunakwenda kwa wengine pia. Hospitali hatuipingi, msinielewe vibaya. Yupo ndugu mmoja tuliyekaa naye, siku ya pili akakataa maji, tukampeleka. Tulikwenda naye watu wanne garini, tumemshika mikono. Ile kamba ya mwanangu tuliikata vipande, tunafungia mikeka.

Namshukuru Mungu. Namshukuru muuguzi wetu, aliyeniuliza bila kunicheka. Nawashukuru akina mama walioacha mashamba yao wakaja kuketi. Namshukuru mwanangu aliyekubali kungoja huku roho inamdunda. Nanyi, neno ninalowaachia ni hili tu: sisi watu wa huku kukaa na aliyefiwa tunajua, hakuna wa kutufundisha. Sasa ukiona kwa jirani moshi hautoki, na yeye akikuitikia salamu unaona hayupo, usingoje kengele. Beba mkeka wako uende.

Na wewe uliyejificha pale nyuma, simama wakuone. Maharage yako bado yana chumvi nyingi, nalisema hili mbele ya watu wote. Nayala, na sahani naimaliza.