Jina la Mwamini Kati ya Programu Mbili

Sogeeni karibu, wanangu, mkeka unatosha. Anayetafuna muhogo amalize, anayetaka kukohoa akohoe sasa, halafu mdomo ufungwe, maana maneno haya yalisemwa na watu watano kwa mpigo na mkinikatiza yatachanganyika. Ni mwaka ule wa elfu mbili na kumi na tano, Warundi walipovuka ziwa kwa maelfu wakalazwa uwanja wa mpira pale Kigoma. Kijiwe kilikuwa Gungu, ubao juu ya matofali manne, ubavuni mwa kibanda cha fundi redio. Kahawa ilikuwa ya Bi Hasna wa Ujiji, ya moto wa kubabua, kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Na tangu siku Mzee Nuhu alipoungua paja, kijiwe kilikuwa na sharti moja: anayetoa kikombe haachii mpaka anayepokea aseme "nimeshika". Hata awe mumeo.

Asubuhi hiyo Hasna alimimina akitazama njia ya uwanjani. Mdogo wake Mwamini, aliyeolewa Rumonge huko ng'ambo, alishushwa melini juzi adhuhuri. Mvuvi wa Mwamgongo alimwona kwa macho yake, kitenge kichwani, homa imemkamata, anaandikwa jina kwenye meza ya gatini. Lakini Hasna alikwenda lango la uwanja mara mbili, na mara mbili askari aliteremsha kidole kwenye orodha akasema hayumo. Asiyekuwa kwenye orodha haitwi kuonana na ndugu, haitwi kwa daktari, haitwi kupanda basi. Na mabasi ya kambini yanaondoka saa nane.

Ndipo akatokea Erick, kijana wa Moshi aliyeletwa kutunza kompyuta ya orodha.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Shika kahawa yako.

Erick akashika. Hasna hakuachia.

— Nimeshika, mama.

— Na mimi nimeshika. Jina la mdogo wangu liko wapi?

Erick akashusha macho.

— Nimeliona, mama. Mwamini Saidi, Rumonge, miaka hamsini na moja. Limo kwenye programu ya gatini. Kwenye programu ya mabasi halimo.

— Kompyuta mbili hizo? Hasna akauliza, akaachia kikombe.

— Moja. Programu mbili ndani yake, zimewashwa zote, zinakwenda pamoja.

Hapo Anatoli, fundi redio ambaye kila mtu alimwita Wimbi, akapiga ubao kofi.

— Si nilisema! Stesheni mbili kwenye wimbi moja! Zinabanana, ya nguvu inaimeza ya unyonge.

— Hazibanani, fundi. Kila programu ina chumba chake, na mlango umefungwa. Haiwezi kuchungulia kwa mwenzake. Kuna mfumo unaoendesha kompyuta nzima, huo ndio kama mwenye nyumba. Ya gatini ikitaka kutoa jina inampa mwenye nyumba, naye analipitisha kidirishani, ya mabasi inalipokea upande wa pili.

— Mwenye nyumba gani huyo mchoyo? akauliza Vedasto, bwana mifugo mstaafu kutoka Bukoba, waliyemwita Karantini. — Si avunje ukuta, wale sahani moja?

— Zinaweza kupewa daftari moja, mzee. Lakini zikiandika kwa pamoja bila zamu, moja itaandika juu ya mwandiko wa mwenzake. Utapata mtu mmoja nusu Mwamini, nusu mwanamume fulani Gervasi.

— Huyo atapanda basi lipi? akacheka Wimbi.

Hasna hakucheka. Alitazama kivuli cha kibanda kikizidi kufupika. Mwamini alikuwa mtu wa kuvumilia. Hata utotoni akiumwa jino alikuwa anakaa kimya kwenye kona mpaka mtu amuulize. Na huko uwanjani nani atamuuliza?

— Mimi nawaambia, Karantini akasema kwa sauti ya kupima chanjo, — jina la mgonjwa hutengwa. Ng'ombe akivuka mpaka na homa unamweka siku ishirini na moja. Kompyuta imeisikia homa ya yule mama.

— Kompyuta imesikiaje homa, mzee?

— Kwani vidole vya karani havikumgusa?

— Wewe umezeeka na kupe wako, Wimbi akadakia. — Sikilizeni. Kuna mtambo Bujumbura. Unavuta majina yao kurudi kulekule. Ndiyo maana yanapotea adhuhuri, jua likiwa utosini, mawimbi yanasafiri vizuri.

— Basi na ng'ombe wangu wa mwaka wa tisini na nane walivutwa na mtambo!

— Wale uliwauza!

— Nyamazeni! Hasna akasema, na sauti yake ikapasuka. — Mnamchezea mdogo wangu kama bao.

Mbali, upande wa uwanja, dereva alijaribu honi ya basi.

Wakati huo alikuwa amekaa mwisho wa ubao mwanamke mgeni, Skolastika, Mrundi aliyefikia kwa shangazi yake hapo jirani, dumu la maji miguuni.

— Amahoro, mama, akasalimu kwa Kirundi. — Na mie ungenipa kidogo.

Hasna akampa. Mgeni akavuta kikombe, kikombe hakikuja.

— Sema umeshika, mwanangu.

— Kwa nini? Si unaniona?

— Mvuke unaziba macho. Nisiposikia sauti yako, nitaachia hewani.

— Ego, ndiyo. Nimeshika.

Akapuliza, akanywa funda moja. Kisha akamgeukia Erick.

— Na kule kwenye kompyuta, nani anasema nimeshika?

— Ya gatini ikishatoa jina inaandika "imetumwa", halafu inachukua jina linalofuata.

— Huyo ndiye anayetoa. Mie nauliza anayepokea.

Wimbi akamtazama Karantini. Karantini akatazama kikombe chake. Erick alikuwa anapeleka kikombe mdomoni, akakisimamisha.

— Juzi adhuhuri, akasema polepole, — ile ya mabasi ilikwama. Niliizima nikaiwasha upya. Dakika kumi hivi.

— Na ya gatini? Hasna akauliza.

— Ya gatini sikuizima.

— Iliendelea kutoa?

Erick aliweka kikombe chini, kimejaa, akakimbilia bodaboda. Hasna akapanda nyuma yake, mshikaki wa watu watatu, birika bado mkononi, kahawa ikimwagika barabara nzima. Kijiweni wakabaki na vikombe vitupu.

Majina yaliyopotea yalikuwa thelathini na moja. Yote yalitolewa kwenye kidirisha ambacho nyuma yake, kwa dakika kumi, hapakuwa na mtu. Erick akayatuma upya, na kabla ya saa nane Mwamini aliitwa langoni, akaonana na dada yake.

Wimbi alipohamia Buzebazeba, ubao ulirithiwa na Karantini. Skolastika alirithi kikombe ambacho Erick hakukinywa. Erick mwenyewe alihamishiwa Singida, akaondoka na sharti la kahawa, akalitia ndani ya kila programu aliyoishika. Na Hasna alipofariki, Mungu amrehemu, birika lilirithiwa na Mwamini. Yuko Ujiji mpaka leo, anamimina, na haachii.