Mama Tarumbeta, Aliyemtoa Bibi Harusi Ngomeni

Tarehe thelathini Juni, lango la ngome yetu litakapofungwa saa kumi na moja jioni, mwongoza wageni wetu mkuu atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi. Wengi wenu mnamjua kama Mama Tarumbeta. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wavushaji wa kivuko, waliokuwa wakimsikia kutoka ng'ambo ya mto akieleza habari za mizinga, na ambao hadi leo hudai wameizuru ngome mara elfu moja bila kukata tiketi.

Alianza akiwa mfagizi. Siku hizo ngome ilikuwa na popo wengi kuliko wageni, na kazi yake ya kila asubuhi ilikuwa kuzoa walichoangusha popo hao usiku kucha. Katika mwaka wake wa pili, mzee aliyekuwa akiongoza wageni aliamka sauti imemkauka, na langoni wamejaa wanafunzi tisini waliokuwa njiani tangu alfajiri. Mfagizi akaegemeza ufagio ukutani, akasema, "Haya wanangu, nifuateni. Asiyenisikia anyooshe mkono." Hakuna aliyenyoosha. Mzee mwenyewe aliketi kivulini, akamsikiliza hadi mwisho, na wiki iliyofuata akamwombea nafasi ya kuwa msaidizi wake.

Tangu hapo amepandisha wageni minarani kwenye jua na mvua. Amejifunza kusalimu kwa lugha kumi na moja, ingawa katika tisa kati ya hizo hajui zaidi ya salamu na "angalia kichwa". Milango ya ngome ni mifupi, na anajivunia kwamba katika zamu zake ni wageni wanne tu waliotoka na nundu, mmoja wao akiwa mhandisi aliyekuja kupima urefu wa milango.

Lakini mtu akiniuliza kwa nini ninamheshimu, simwelezi habari za lugha. Namweleza habari za chumba cha chini.

Wakongwe mtakumbuka kwamba zamani kila mgeni alikuja kwa ajili ya chumba hicho. Kwenye ukuta wake wa ndani kuna mikwaruzo mamia, mirefu na mifupi. Mama Tarumbeta alirithi kwa yule mzee aliyemtangulia kazini hadithi ya bibi harusi aliyefungiwa humo na kamanda wa ngome, akaukwaruza ukuta kwa kucha mpaka akakata roho. Naye aliisimulia kwa ufundi. Alishusha sauti, na kwake hilo si jambo dogo. Watu wazima walitoka mle wakipangusa macho. Mimi, niliyekuwa na bado niko kwenye dirisha la tiketi, nilikuwa nikiulizwa hata kabla ya salamu, "Bibi harusi yupo leo?"

Basi katika mwaka wake wa kumi na tisa wa kazi, akaja mzee mmoja fundi mwashi, mstaafu, akiongozana na mjukuu wake wa kike. Aliisikiliza hadithi yote kwa adabu. Wenzake walipotoka, alibaki nyuma, akaupapasa ukuta, kisha akamwambia Mama Tarumbeta kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usinielewe vibaya. Hizo kucha ni zangu."

Akamweleza. Enzi ngome ilipokuwa ghala, yeye akiwa kijana, aliagizwa akipige lipu chumba kile. Ukuta ulikuwa laini mno, lipu isingeshika, kwa hiyo akaudonoa kwa tindo siku tatu mfululizo. Kabla chokaa haijafika, msimamizi akahamishwa na kazi ikafa. Ukuta ukabaki vile vile. "Nimenyamaza miaka yote," mzee akasema, "maana naona watu wanaipenda. Na wewe nyamaza tu, hakuna atakayejua."

Hapo ndipo mtu hupimwa. Hakuna aliyekuwa amemlazimisha, na shahidi mwenyewe alikuwa amekwisha kumpa ruhusa. Asubuhi yake aliongoza kundi la walimu wapatao arobaini. Alipofika mlangoni pa chumba, aligeuka akasema, "Kwa miaka kumi na saba nimewasimulia watu jambo lisilo la kweli mahali hapa. Nilikuwa silijui. Tangu jana nalijua." Akawaonyesha alama za tindo. Baadhi waliguna. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba amesafiri saa sita kuja kutazama kazi ya lipu ambayo haikumalizika.

Mkuu wa kituo wa wakati huo alimwita ofisini, na kwa kuwa ukuta kati ya ofisi yake na dirisha langu ni wa mbao, nilisikia kila neno.

"Unajua unachokifanya? Huyo bibi harusi ndiye anayetulisha sote hapa!"

"Bosi, nimemuua msichana ambaye hata hakuzaliwa, tena mara nne kwa siku. Nimechoka."

Aliondolewa kwenye uongozaji siku hiyo hiyo, akarudishiwa ufagio.

Alifagia miezi mitano bila kununa. Saa za mapumziko alimfuata yule fundi nyumbani kwake, na fundi akampeleka kwa wengine waliowahi kuikarabati ngome: wanawake walioteka maji mtoni ya kuchanganyia chokaa, wapiga makasia walioleta mawe, seremala aliyetengeneza lango tunalolifunga kila jioni. Akaandika kila kitu kwenye madaftari ya shule, nani alifanya nini na upande gani wa ukuta. Alipomaliza, walikuwa watu sitini na mmoja.

Mwongozaji aliyeshika nafasi yake, naye ni rafiki yetu na atanisamehe, hakuwa na kumbukumbu nzuri. Asubuhi bibi harusi alikufa kwa njaa, alasiri alitorokea mtoni. Siku moja mke alipita na kundi la asubuhi na mumewe akapita na la alasiri. Wakakutana langoni, wakabishana mpaka wakaingia kwa mkuu wa kituo awaamulie: alikufa au alitoroka? Mkuu aliwatazama, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaenda mwenyewe stoo, akamkuta Mama Tarumbeta anakausha dekio, akamwambia, "Rudi kazini. Sema ukweli wako, lakini useme kwa sauti ile ile."

Sitatia chumvi. Wageni wa mbali walipungua mwaka ule na uliofuata. Waliokuja badala yao ni watu wa mji huu huu, ambao walikuwa wakipita nje ya ngome maisha yao yote bila kuingia. Walikuja kutazama ukuta wa babu, ngazi ya shangazi. Kila Jumamosi yule fundi aliketi kwenye kigoda ndani ya chumba cha chini na tindo lake, akiwaonyesha watoto jinsi ukuta unavyodonolewa. Alifanya hivyo miaka saba, mpaka alipofariki, na familia yake ilimwomba Mama Tarumbeta azungumze mazikoni.

Sasa anahamia kwa dada yake mkubwa, ambaye masikio yake yamechoka. Familia inasema hawangeweza kumpata mwenzi anayefaa zaidi.

Limebaki jambo moja, na wahariri wamenikubalia niliseme hapa. Miezi ile mitano nilikuwa miongoni mwa waliomwona msaliti. Foleni dirishani kwangu ilikuwa imekatika, na nilimlaumu yeye. Kila asubuhi alipita na ndoo yake akasema, "Umeamkaje, kaka?" na mimi nikajifanya nahesabu vishina vya tiketi. Hakuacha kunisalimu hata siku moja, wala baadaye hakunikumbusha. Nimekaa naye miaka kumi na mitano zaidi, nimekunywa chai yake, na sijawahi kulisema.

Dada, nisamehe. Asante kwa kazi yako, na asante kwa salamu zile. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, miongoni mwa watu wako. Na kuhusu swali lako la kila asubuhi: nimeamka salama.