Siku ya Mia Moja Thelathini na Moja

Wafiwa wenzangu, majirani, wafanyakazi wa chuo wa zamani na wa sasa, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi niliyesimama hapa ni mdogo wa marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, fundi cherehani, na nimepewa kazi hii si kwa kuwa nimesoma kuliko wengine, bali kwa kuwa familia inasema sauti yangu haitetemeki ovyo. Nitasoma kama ilivyoandikwa, na naomba mnivumilie hadi mwisho, maana katikati kuna jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe mbele ya watu.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Chupa, alizaliwa tarehe 2 Juni 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa tatu kati ya watoto sita, baba akiwa fundi wa mabehewa na mama akifua nguo za watu, na kwa faida ya wageni niseme mapema kwamba jina hilo halikutokana na ulevi, kwani hakuonja kileo hata siku ya harusi yake. Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza Novemba 1965, akafaulu vizuri, lakini mwaka huo huo baba aliumia mkono kazini na masomo yakaishia hapo, ndipo akajisomesha mwenyewe kwa magazeti yaliyofungiwa sukari dukani, akipenda hasa habari za ajabu, kama ile ya lami iliyowekwa kwenye faneli ikadondosha tone moja kwa takriban miaka kumi, habari aliyotusimulia mara nyingi kiasi kwamba mama alikuwa akimwambia, "Tone lako limekwisha anguka, kateke maji."

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa kibarua wa bustani katika chuo cha kilimo, na mwaka uliofuata akapelekwa kwenye uwanja wa nyuma ya ghala la mbegu, ambako kulikuwa na kazi moja tu, na kazi hiyo ilifanyika mara moja kila baada ya miaka minane. Mwaka 1938 mtaalamu mmoja wa mimea wa chuo hicho, aliyechoka kuulizwa na wakulima watapalilia mpaka lini, alichukua chupa kumi na moja, akajaza kila moja mchanga uliochanganywa na mbegu za aina kumi za magugu, akazifukia midomo ikitazama chini ili maji yasituame ndani, na kuagiza kwamba kila baada ya miaka minane ifukuliwe moja, mbegu zake zipandwe kwenye trei, zimwagiliwe siku tisini, na iandikwe ni ngapi zimeota. Kwa kuwa mwanga kidogo tu unaweza kuiamsha mbegu kabla ya wakati wake, ufukuaji ulifanywa mchana chini ya turubai jeusi la tabaka mbili, mtu akiingia kwa magoti na kuchimba kwa kupapasa, na katika wote waliojaribu hakuna aliyekuwa na vidole kama vya kaka yetu.

Ramani ya chupa hizo ilikuwa kwa hatua, yaani hatua thelathini na tatu kutoka kona ya ghala kuelekea tangi la maji, kisha tisa kulia, na hatua zenyewe zilikuwa za mtunza bustani wa kwanza, ambaye alifariki mwaka 1974 bila mtu kukumbuka kwamba alikuwa mfupi. Tarehe 1 Machi 1978 kaka, mwenye miguu mirefu kama ngazi, alihesabu thelathini na tatu zake, wakachimba tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, wakapata soli ya kiatu na bomba la maji taka, na ndipo mpiga chapa wa ofisi ya mkuu alipofika na barua ya kusainiwa, akawatazama, akasema, "Nyie watu wazima, yule mzee alikuwa kimo changu, hebu pisheni." Alitembea yeye, thelathini na tatu na tisa, akasimama, na chupa ilikuwa chini ya kisigino chake. Kaka alimuoa tarehe 15 Desemba 1979, na tangu hapo kila baada ya miaka minane wifi yangu aliitwa rasmi kwa barua ya chuo kuja kutembea. Wanaouliza kwa nini hawakupima kwa futi wajue kwamba walipima, mwaka 1986, karatasi ya vipimo ikapotea ofisini, na wifi yangu hakupotea.

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 1981, ambaye ni fundi umeme, na wa pili wa kike, aliyezaliwa tarehe 27 Aprili 1985, ambaye ni muuguzi, na kupitia hao marehemu ameacha wajukuu watano. Alikuwa baba mpole, mgumu wa kununua viatu, asiyeweza kupita penye gugu bila kuinama kulisalimu.

Sasa nafika mahali ambapo mwanawe wa kwanza aliniomba niparuke, akisema, "Shangazi, watu watabaki na hilo tu," na wifi yangu akasema, "Msomeeni mwenzenu alichoomba."

Chupa ya saba ilifukuliwa tarehe 1 Machi 1994, ikiwa imekaa ardhini miaka hamsini na sita, na mkuu wa chuo wa wakati huo alikwisha tangaza kwamba mbegu zisipoota ndani ya siku tisini, jaribio lifungwe na uwanja ufanywe maegesho ya magari. Msimamizi wa jaribio alikuwa mama mmoja mtaalamu, aliyebakiza miezi michache kustaafu, ambaye kila asubuhi alikuja kutazama zile trei akiwa ameshika miwani mkononi kana kwamba akiivaa ataona vibaya zaidi. Siku ya sabini na nane, tarehe 18 Mei, udongo ulikuwa bado mtupu, na kaka akachuma mbegu moja mbichi ya gugu la majani mapana, mojawapo ya yale kumi, lile linaloota kwenye uzio nyuma ya vyoo, akaibonyeza kwenye trei ya tatu kwa kidole. Iliota siku ya themanini na nne. Yule mama alilia, akamshika kaka mkono mbele ya watu wote, matokeo yakaandikwa kwenye jarida la kisayansi, maegesho yakahamishiwa upande wa pili, na kaka akapewa cheti cha mfanyakazi bora, ambacho ninyi mliomtembelea hamkuwahi kukiona ukutani kwa sababu alikiweka chini ya godoro.

Tarehe 30 Mei siku tisini zilikwisha, trei zikaamriwa zimwagwe, na yeye, kwa uchungu au kwa mazoea tu, akaubeba udongo nyumbani kwenye beseni, akaufunika kwa kioo cha dirisha, akaendelea kuumwagilia. Siku ya mia moja thelathini na moja, Jumapili tarehe 10 Julai 1994, kwenye beseni hilo uliota mche mmoja, si wa majani mapana, bali gugu lenye ua la zambarau ambalo nalo lilikuwa kwenye orodha ya mwaka 1938 na ambalo, kwa kadiri alivyojua, halikuwa likiota mahali popote karibu na chuo. Kaka aliandika tarehe, saa na urefu wake kwenye daftari la shule la kurasa arobaini na nane, akalifunga, na hakumwambia mtu, kwani nani angemwamini mche wa pili bila kumuuliza juu ya wa kwanza.

Nimeshona nguo za watu miaka arobaini, na najua mshono mmoja uliopinda unavyoburuza nguo nzima. Baada ya sifa za mwaka 1994 chuo kilikaza taratibu, ikaandikwa kwamba siku ya tisini udongo wote uchomwe kwenye tanuri ili magugu yasitoroke, na aliyepewa kazi ya kuubeba hadi tanurini alikuwa yeye. Aliubeba mwaka 2002, aliubeba mwaka 2010, na ingawa alistaafu tarehe 2 Juni 2011, aliitwa tena kwa mkataba akaubeba mwaka 2018, kila mara akiomba waongeze siku hamsini tu, na kila mara akijibiwa kwa heshima, "Mzee Chupa, tisini ni tisini," naye, mtu pekee aliyejua kwamba huenda anachoma mbegu zilizo hai, akishindwa kusema amejuaje. Aliponieleza haya niliona aibu, nikakasirika naye siku nzima, kisha nikamhurumia, na bado namhurumia.

Afya yake ilianza kuyumba Oktoba 2021 kwa shinikizo la damu, baadaye mapafu yakajaa maji, akalazwa mara nne, mara ya mwisho tarehe 20 Oktoba mwaka huu, na ilikuwa wodini, tarehe 2 Novemba, aliponiagiza daftari, akanisomea ukurasa mmoja kwa pumzi zake fupi, na kuniambia, "Nikiondoka nalo, nimezichoma na za mwisho." Alifariki Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, mkewe akiwa amemshika mguu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, waliomhudumia bila kuchoka na kumvumilia alipowauliza majina ya nyasi za nje ya dirisha, inawashukuru majirani kwa maji, viti na usafiri, na wafanyakazi wenzake wa chuo kwa jeneza na kwa kuja wengi, huku tukijua kwamba baadhi yenu mmesikia leo jambo ambalo hamkulitaka, na wale mnaotaka kukasirika mna haki hiyo. Wifi yangu ameniomba niongeze kwamba lile gugu la zambarau ndilo lililopo pembeni mwa ngazi ya nyumba yake, ambalo mumewe alimkataza kuling'oa bila kumpa sababu, naye kwa miaka thelathini na moja alifagia kandokando yake akidhani ni ukaidi tu wa mwanaume, na kwamba mbuzi wa jirani amelila mara mbili na halikufa.

Jaribio lenyewe limebakiza chupa moja, ya kumi na moja, inayofukuliwa tarehe 1 Machi 2026. Mkuu wa maabara wa sasa, uliyeketi mstari wa tatu, nakukabidhi daftari hili mbele ya mashahidi, hatuna ushahidi mwingine zaidi yake, mfute kaka yetu kwenye jarida pale panapostahili kufutwa, pokeeni na cheti chenu, kipo hapa ndani ya bahasha, lakini hizo trei msizichome siku ya tisini. Wifi yangu ana miaka sabini na moja na nyonga yake ni mbovu, hatua zake zimefupika, ila jana asubuhi alinyoosha kanga sakafuni, akaweka mguu mwanzo wa upindo, akagusa ua la katikati ambako hatua yake ya ujanani ilikuwa ikifika, akaniambia nimkatie utepe wa kipimo hicho, nikamkatia, na anasema atakuja hata bila barua.

Kaka, uliyoagiza nimeyasoma yote na sauti haikutetemeka, pumzika sasa kwa amani, siku zilizobaki baada ya tisini tutazihesabu sisi.